Fungu la Asiyekuwapo

Mwezi Julai 2020, nchini Kenya, mtu wa miaka 59 alihesabiwa kuwa mzee mno kwenda kanisani. Makanisa yalikuwa yamefungwa tangu Machi kwa ajili ya korona, na sasa yalifunguliwa kwa masharti: waumini wasizidi 100, ibada isizidi saa moja, na watoto wa chini ya miaka 13 pamoja na wote waliopita miaka 58 wabaki nyumbani. Masharti hayo yaliandaliwa na baraza la viongozi wa dini mbalimbali lililokuwa chini ya Askofu Mkuu Anthony Muheria wa Nyeri, na kitabibu yalikuwa na maana yake. Lakini yeyote aliyewahi kuhudhuria ibada ya kwanza ya Jumapili anajua mabenchi ya mbele hukaliwa na akina nani. Ni wazee wa kanisa, ni akina mama wenye vitambaa vya sare kichwani, ni bibi anayefika kabla mlango haujafunguliwa. Hao ndio walioambiwa wakae nyumbani, na vijana ambao kwa kawaida husimama nje chini ya mti wakapata viti kwa mara ya kwanza.

Neno waliweza kulipata. Redio ilikuwepo, runinga ilikuwepo, na mjukuu mwenye simu na bando hakukosekana. Mahubiri hupita hewani bila kupungua uzito. Nyimbo nazo hupita, ingawa kwaya ikisikika kupitia spika ya simu hufanana na nyuki ndani ya kopo. Tatizo lilikuwa kile ambacho Wakatoliki hukiita Komunyo, Waanglikana Ushirika Mtakatifu, na Walutheri Chakula cha Bwana. Mkate haupiti hewani.

Au unapita?

Katika nyumba za pwani, aliyechelewa kurudi huwekewa chakula. Sahani yake hupakuliwa wakati mmoja na za wengine, hufunikwa kawa, nayo husubiri. Wali utapoa na mchuzi utaganda, lakini fungu ni lake, na hakuna mtoto atakayeligusa bila kuulizwa. Kanisa la mwanzo lilikuwa na desturi iliyo ndugu ya hiyo. Yapata mwaka 155, mwanafalsafa Yustino, mzaliwa wa Palestina aliyekuwa akifundisha Roma, alimwandikia Kaisari Antonino Pio kumweleza Wakristo hufanya nini wanapokutana, maana mjini kulivuma uvumi wa kutisha. Maelezo yake ni mafupi na hayana mbwembwe. Watu hukusanyika siku ya Jumapili, husomewa, huhubiriwa, husali. Mkate huletwa, na divai iliyochanganywa na maji. Kiongozi hushukuru, watu huitika Amina, kila mmoja hupata. Kisha mashemasi huwapelekea wasiokuwepo.

Jambo hilo la mwisho Yustino analitaja mara mbili ndani ya kurasa chache. Mtu anayejitetea mbele ya Kaisari hapotezi wino wake bure.

Karibu miaka mia moja baadaye, wakati wa dhuluma ya Kaisari Decius, kisa kimoja kutoka Aleksandria kiliandikwa katika barua ya Askofu Dionisi, na mwanahistoria Eusebi wa Kaisaria akakihifadhi. Mzee aliyeitwa Serapioni alikuwa ameshindwa mtihani: alitoa sadaka kwa miungu ya dola ili aokoe roho yake, na kanisa lilikuwa halijampokea tena. Akaugua. Kwa siku tatu alilala bila sauti wala fahamu. Siku ya nne akazinduka, akamtuma mjukuu wake kwenda kumwita padre. Ilikuwa usiku, na padre naye alikuwa mgonjwa kitandani, hawezi kuinuka. Akampa mtoto kipande kidogo cha Ekaristi, akamwelekeza akiloweshe, kisha amdondoshee mzee kinywani. Mtoto akarudi mbio, akafanya kama alivyoambiwa. Mzee alipokwisha kumeza, akakata roho.

Kwa msomaji aliyepitia mwaka 2020, kisa hiki hakina haja ya tafsiri. Wagonjwa wawili katika mji mmoja, kila mmoja kitandani kwake, na katikati yao mtoto gizani mwenye kitu mkononi.

Mkate ulisafiri kwa namna nyingine nyingi. Basili wa Kaisaria, katika barua ya karne ya 4, anasema watawa wa jangwani wasio na padre walijiwekea Ekaristi na kujipokelea wenyewe, na kwamba huko Misri hata waumini wa kawaida walikuwa nayo majumbani. Roma ilikuwa na utaratibu wake. Jumapili, askofu wa Roma alipokwisha kuadhimisha Misa yake, wasaidizi walibeba vipande vya mkate huo hadi makanisa mengine ya mjini, ambako mapadre walikuwa na watu wao na hawakuweza kuja kwake. Kipande hicho kiliitwa chachu. Mwaka 416 Papa Inosenti I alimweleza askofu wa Gubbio sababu yake: mapadre hao wasijione, hasa siku hiyo, kuwa wametengwa na ushirika wa askofu wao. Hapo hapo akaweka mpaka. Chachu isipelekwe kwenye parokia za nje ya mji, kwa kuwa sakramenti hazifai kubebwa mbali.

Mbali ni wapi? Inosenti hakutoa kipimo, na kila kizazi kimekuwa kikipima kwa mguu wake.

Aliyepima kwa uchungu zaidi katika karne iliyopita pengine ni François-Xavier Nguyen Van Thuan, askofu wa Vietnam aliyekamatwa Agosti 1975 na kuzuiliwa miaka 13, tisa kati ya hiyo akiwa peke yake. Aliruhusiwa kuandika nyumbani kuomba mahitaji. Akaomba dawa ya tumbo. Jamaa zake walimwelewa, wakamtumia kichupa cha divai chenye maandishi ya dawa, na hostia wakazificha ndani ya tochi zisipate unyevu. Alisali Misa kwa matone matatu ya divai na tone moja la maji katika kiganja cha mkono. Alipohamishiwa kambini pamoja na wafungwa wengine, taa zilizimwa saa tatu na nusu usiku na kila mtu akatakiwa alale. Yeye aliinama juu ya ubao wake wa kulalia, akasali kwa kichwa, kisha akapenyeza vipande chini ya vyandarua kwa Wakatoliki waliolala jirani. Vilivyobaki vilifungwa katika karatasi za pakiti za sigara na kupitishwa kwa wengine siku zilizofuata.

Katika visa vyote hivi kitu kimoja hakibadiliki. Maneno ya kuweka wakfu husemwa mahali pamoja, na mkate ndio unaotoka kwenda kumtafuta asiyekuwepo, mikononi mwa mtu. Intaneti ilipindua mpango huo. Sasa maneno ndiyo yanayosafiri, na mkate unangoja mezani kwa mtu, umenunuliwa duka la jirani. Wengi hudhani ugomvi ulizuka kwa sababu wazee wa makanisa wanaogopa teknolojia. Si kweli, maana hao hao walikumbatia redio na runinga mapema mno. Misa ya Krismasi ilirushwa kwa televisheni kutoka Notre-Dame ya Paris mwaka 1948, na miaka kumi hivi baadaye Papa Pius XII akamtangaza Mtakatifu Klara wa Asizi kuwa msimamizi wa televisheni. Klara, mtawa wa karne ya 13, alikuwa mgonjwa usiku wa Krismasi asiweze kwenda kanisani, na inasimuliwa kwamba aliiona na kuisikia ibada akiwa kitandani pake. Kanisa lililomchagua mtawa huyo halikuwa na kinyongo na skrini. Ugomvi ulihusu mkate wenyewe, na ulikuwa umeanza karne nne kabla ya skrini ya kwanza.

Oktoba 1529, katika kasri la Marburg nchini Ujerumani, mtawala Philip wa Hesse aliwakutanisha wakuu wa matengenezo ya kanisa wapatane ili wawe na nguvu moja. Martin Luther alitoka Wittenberg, Huldrych Zwingli akatoka Zürich. Luther alichukua chaki akaandika mezani kwa Kilatini maneno ya Yesu juu ya mkate kuwa mwili wake, na mjadala ulipopamba moto akawa anarudi kwenye maandishi hayo. Kwake maneno yalimaanisha yalivyosema. Zwingli alishika kwamba mwili wa Kristo uko mbinguni, na mkate ni ishara na ukumbusho kwa wanaoamini. Walikubaliana hoja 14 kati ya 15. Ya 15, iliyohusu meza, iliwashinda, wakaachana.

Ukiiweka chaki ile kando ya simu ya leo, majibu ya makanisa karibu yote hutabirika. Kwa wale ambao mkate hugeuka au hubeba kweli mwili wa Bwana, ni lazima kuwe na mkate huu, meza hii, mikono hii. Kwa wale ambao ni ukumbusho wa jamaa ya waamini, mkate wa jikoni unatosha kabisa, ilimradi jamaa yenyewe iwepo kwa namna fulani. Walio katikati, Wamethodisti na Wapresbiteri hasa, ndio waliopata shida, kwa kuwa wana nusu ya kila upande.

Mtihani wao ulikuja kwanza kutoka mahali ambapo hakuna aliyetazamia. Tarehe 20 Julai 1969, chombo cha Apollo 11 kikiwa kimeshatua mwezini na kabla mlango haujafunguliwa, Buzz Aldrin aliomba kwa redio watu wote wanyamaze kidogo, kila mmoja ashukuru kwa namna yake. Kisha akatoa kipande cha mkate, kikombe kidogo na kichupa cha divai. Alikuwa mzee wa kanisa katika usharika wa Wapresbiteri wa Webster, karibu na Houston, na vitu hivyo alikuwa amepewa na kanisa lake, lililokitazama kitendo hicho kama mwendelezo wa meza yake. Mvuto wa mwezi ni sehemu moja ya sita ya ule wa dunia. Divai ilipomiminwa, baadaye Aldrin alieleza, ilijikunja polepole ikipanda ukingo wa kikombe. Neil Armstrong alitazama, asiseme kitu.

Dunia haikusikia lolote. NASA ilikuwa imemwomba Aldrin jambo hilo lisirushwe hewani, kwa kuwa mwanaharakati asiyeamini Mungu, Madalyn Murray O'Hair, alikuwa ameishtaki baada ya wanaanga wa Apollo 8 kusoma kitabu cha Mwanzo mkesha wa Krismasi 1968. Kwa hiyo ushirika wa mbali kuliko wote katika historia ya Ukristo, kilomita zipatazo 384,000 kutoka kwenye usharika, ulifanyika kimyakimya. Kanisa la Webster huukumbuka kila Julai. Aldrin mwenyewe, alipozeeka, aliandika kwamba kama angerudishwa pale asingekuwa na hakika ya kurudia, maana walikwenda kwa niaba ya wanadamu wote, wakiwemo Waislamu, Wayahudi na wasioamini.

Wanaanga Wakatoliki walifanya vingine, na tofauti yao ni Marburg tupu. Mwaka 1994 watatu wao walirushwa na chombo Endeavour wakiwa na hostia zilizokwisha kugeuzwa duniani na padre. Mwaka 2013 Mike Hopkins alikwenda kwenye kituo cha anga cha kimataifa na hostia sita, kila moja imegawanywa vipande vinne. Vipande 24 kwa wiki 24. Chombo kilipita juu ya dunia kwa kasi ya kilomita karibu 28,000 kwa saa, lakini mwanamume huyo alikuwa akifanya kile kile alichofanya mjukuu wa Serapioni.

Baada ya mwezi, jaribio lililofuata lilikuwa dogo na la kuchekesha kidogo. Mwaka 2010 mchungaji mmoja Mmethodisti wa Uingereza alitangaza kwamba ataendesha ushirika kupitia Twitter: angetuma sala kwa vipande vifupi, na kila mfuasi angekula mkate na kunywa akiwa mbele ya kompyuta yake. Kanisa lake lilimwomba aache, naye akaacha. Jambo likapelekwa kwenye kamati. Mwaka 2018 Mkutano Mkuu wa Wamethodisti wa Uingereza ukakataa rasmi ushirika wa mtandaoni. Marekani, United Methodist ilikuwa imeliona suala hilo hilo mwaka 2013, usharika mmoja wa Concord, North Carolina, ulipotaka kuwashirikisha waumini wa mtandaoni, na maaskofu wakaagiza lisimamishwe kwanza. Wakatoliki walikuwa wameshafunga mlango mapema zaidi: waraka wa Vatikani wa mwaka 2002 kuhusu Kanisa na Intaneti ulisema waziwazi kwamba hakuna sakramenti kwenye intaneti.

Yote hayo yalikuwa mazungumzo ya vyumba vya mikutano. Kisha ikaja Machi 2020.

Rwanda ilisimamisha ibada siku ile ile ilipotangaza mgonjwa wa kwanza, tarehe 14. Uganda ikafuata tarehe 18 kwa siku 32, na Juni hija ya Namugongo, inayokusanya umati kutoka Afrika Mashariki yote, haikufanyika. Tanzania ilishika njia yake: tarehe 22 Machi Rais John Magufuli, akizungumza kanisani Dodoma, alisema nyumba za ibada hazitafungwa, kwamba korona ni shetani na haiwezi kukaa katika mwili wa Yesu. Hata huko si wote waliofuata. Askofu wa Rulenge-Ngara, Severine Niwemugizi, alisimamisha Misa za watu katika jimbo lake mwezi Aprili.

Kwingineko majibu yalikuja kwa haraka isiyo ya kawaida kwa taasisi ambazo hupenda kusubiri. Kanisa la Presbiteri la Marekani liliruhusu ushirika wa mtandaoni mwezi huo huo wa Machi. Maaskofu kadhaa wa United Methodist wakalegeza katazo la 2013. Askofu mmoja wa Episkopali huko Louisiana aliruhusu mkate wa nyumbani uwekwe wakfu kupitia mtandao, kisha baada ya kuzungumza na mkuu wa kanisa lake akaliondoa tamko hilo siku chache baadaye. Kanisa la Uingereza liliwaagiza makasisi wasiwahimize watu kuweka mkate na divai mbele ya skrini. Pasaka ya tarehe 12 Aprili, Askofu Mkuu Justin Welby aliongoza ibada ya kitaifa akiwa jikoni kwake Lambeth, meza ya chakula ikiwa ndiyo altare. Makasisi wengine walinung'unika kwamba wamefungiwa nje ya makanisa yao wenyewe, na manung'uniko hayo yalikuwa na haki yake: mtu mmoja peke yake ndani ya kanisa tupu angemwambukiza nani?

Roma haikubadili neno. Kuanzia tarehe 9 Machi Papa Fransisko alirusha Misa yake ya asubuhi kutoka Nyumba ya Mtakatifu Marta, na wakati wa kupokea aliwaongoza watazamaji katika kile kinachoitwa komunyo ya kiroho, au komunyo ya tamaa: mtu asiyeweza kupokea kwa kinywa huomba apokee kwa moyo. Wazo hilo ni la zamani. Mtaguso wa Trento ulilitaja mwaka 1551, na Alfonsi Liguori akalitungia sala katika karne ya 18. Hata Waanglikana wanalo, katika kitabu chao cha sala, kwa ajili ya mgonjwa asiyeweza kupokea. Lakini tarehe 17 Aprili Papa huyo huyo alionya kwamba Misa za skrini ni za dharura. Alikiri kwamba askofu mmoja alikuwa amemkaripia kwa mpango wa kuadhimisha Pasaka katika basilika tupu.

Walutheri wa Marekani wa kanisa la ELCA walishauriwa na askofu wao mkuu, Elizabeth Eaton, wafunge: wasishiriki kabisa hadi watakapokutana. Ushauri huo uliwaudhi wengi, nao huenda ndio wenye mzizi mrefu kuliko yote. Barua ya kwanza ya Paulo kwa Wakorintho, ambayo ndiyo maandishi ya kale zaidi tuliyo nayo juu ya meza hiyo, iliandikwa, pamoja na mengine, kwa sababu matajiri wa Korintho walikuwa wakianza kula kabla maskini hawajafika. Paulo aliwaambia wangojane. Lakini kwa aliye na njaa, kungoja pamoja na waliokwisha shiba ni jambo gumu kulihubiri.

Na huko majumbani? Waliokubaliwa walijikuta na maswali ambayo hakuna mwanateolojia aliyewaandalia. Mkate upi? Wengine walikuwa na boflo, wengine biskuti. Divai ikawa juisi ya zabibu, jambo ambalo lenyewe lina historia: mwaka 1869 daktari wa meno Mmethodisti wa New Jersey, Thomas Welch, alichemsha maji ya zabibu kwa njia ya Pasteur ili yasichachuke, kusudi kanisa lake lishiriki bila kileo. Pasipo zabibu watu walimimina walichokuwa nacho. Anayecheka akumbuke Wakimbangu wa Kongo. Tangu Aprili 1971, ushirika wao wa kwanza ulipofanyika N'Kamba, meza yao huwa na mkate wa viazi, mahindi na ndizi, na asali iliyochanganywa na maji mahali pa divai. Ngano na mzabibu ni mazao ya Mediterania, na katika sehemu kubwa ya Afrika mkate wa altare umekuwa mgeni kutoka mbali tangu mwanzo.

Swali gumu zaidi lilihusu saa. Katika matangazo ya mubashara sauti hufika simuni sekunde kadhaa baada ya midomo ya mhubiri kutulia. Je, mkate wa Nakuru huwekwa wakfu sekunde 20 baada ya wa Nairobi? Bando likikatika katikati ya sala? Na anayeitazama video hiyo Jumatatu, baada ya kufua nguo, akiwa na kipande chake cha mkate? Waliokubali ushirika wa mtandaoni walianza kugawanyika hapa hapa, wengi wao wakihisi kwamba lazima watu wawe pamoja kwa wakati kama hawawezi kuwa pamoja kwa mahali. Wamethodisti wa Uingereza, waliokuwa wamekataa mwaka 2018, walikubali mwaka 2021 kwa majaribio ya miaka mitatu. Kilichowabadilisha kilikuwa miezi 15 ya wachungaji kuona nyuso za waumini wao katika vijisanduku vya Zoom, baadhi yao wagonjwa na walemavu ambao kwa mara ya kwanza kwa miaka mingi walikuwa wamehudhuria kila Jumapili. Kwao, makanisa yalipofunguliwa ndipo walipofungiwa nje.

Hoja ya wagonjwa hao ndiyo ngumu kuijibu, na wanaopinga wangefanya vyema kuijibu kwa miguu. Kanisa linalosema mkate haupiti hewani lina deni la kuupeleka. Mgonjwa aliye karibu kufa, Wakatoliki humpa Komunyo kama masurufu ya safari, na safari haingoji ratiba ya paroko.

Kwa mamilioni ya Wakristo wa Afrika Mashariki, mjadala huu wote ulikuwa na ladha ya ajabu. Ulaya na Marekani zilishtuka kukosa meza kwa wiki kumi. Nenda kwenye kigango kilichoko ng'ambo ya mto, kilomita 40 kutoka parokiani, mahali ambapo mvua za masika hukata barabara, na uulize padre alifika lini. Atakuja na pikipiki Jumapili moja kati ya nne, au kati ya nane. Jumapili nyingine ibada huongozwa na katekista, mkulima wa mahindi kama wenzake, ambaye alisoma kozi yake miaka mingi iliyopita na ana kanzu nyeupe iliyofifia kwapani.

Katika majimbo yanayomruhusu katekista kugawa Komunyo, padre humwachia hostia zilizogeuzwa. Kabla ya ibada hufungua tabernakulo, hupiga goti, na huhesabu. Kisha hutupa jicho mlangoni na kuwahesabu watu. Hesabu zisipolingana hurudi mezani na kuanza kuzimega, nusu nusu kwanza, halafu robo robo, akiokota kila chembe kwa ncha ya kidole kilicholoweshwa. Robo mbili huziweka kando katika kijisanduku cha chuma. Kuna mzee wa ng'ambo ambaye miguu imevimba, na bibi mmoja ambaye leo hakuonekana kwenye benchi la mbele.